Madaftari ya nyimbo za lebo ya baba yamelowa na familia inavutana, tuanzie wapi?

"Habari za kazi. Baba yetu alikuwa na duka la santuri na lebo ndogo ya kurekodi pale River Road, kuanzia miaka ya 70 mpaka karibu mwisho wa 80. Alifariki mwaka jana na kwa stoo yake Umoja tukapata sanduku la bati na katoni mbili zimejaa madaftari na karatasi za nyimbo, zote za mkono. Zingine ni maneno tu ya Kikamba, Kijaluo na Kiswahili, zingine zina zile d r m za kwaya, na kuna alama za kalamu nyekundu hatuzielewi. Katoni moja ilinyeshewa mwezi wa nne, sasa kurasa zimeshikana na kuna madoa ya kijani. Kakangu mkubwa amepata mnunuzi wa nje anayetaka zile nzuri peke yake. Binamu anasema tupige laminesheni, mwingine anasema tuskani na simu alafu tuchome manake nyimbo ziko YouTube. Mimi ndio kitinda mimba, msichana peke yangu, na natamani tutoe kitabu na hata turudishe nyimbo sokoni. Mzee mmoja aliyempigia baba besi bado yuko hai, anakaa Kariobangi. Nimetuma picha ya ukurasa mmoja. Tufanye nini, na je, hizi nyimbo ni zetu?"

Pole sana dadangu kwa kumpoteza mzee, na asante kwa kuuliza kabla hamjafanya lolote, manake wengi huniletea karatasi wakati uharibifu umeshafanyika na nabaki kusema laiti. Naona una maswali matatu yamefungwa pamoja: karatasi zitapona vipi, zina thamani gani, na nyimbo ni za nani. Nitayajibu yote lakini wacha nianze na ile picha, kwa sababu nimeitazama sana.

Ni ukurasa wa daftari la shule la mistari, maneno ya Kikamba kwa penseli. Ubeti wa tatu umepigwa mstari mwekundu wote. Pembeni kuna 3:05, chini ya ubeti wa pili kuna mstari mzito na neno GEUZA, na pale juu kabisa kwa kona kuna Tk 2 imewekwa alama ya X, na Tk 4 imewekwa tiki. Sasa kumbuka hizo zilikuwa siku za santuri ndogo za 45, yaani zinazozunguka mara 45 kwa dakika, upande mmoja ulibeba kama dakika tatu na kitu, kwa hivyo wimbo mrefu ulikatwa katikati, sehemu ya kwanza huku na ya pili ukigeuza. Mtu alikaa studio na saa mkononi, akapima, akaona ubeti wa tatu hautatoshea, akaukata, akaonyesha mahali pa kugeuza. Tk nadhani ni mara ya ngapi wamerekodi, ya pili ikakataliwa, ya nne ikapita. Kama mwandiko mwekundu ni wa babako, basi hapo unamuona akifanya kazi yake.

Ndio maana yule anayesema tuchome kwa sababu nyimbo ziko YouTube namwomba asubiri. Kwenye YouTube utasikia kile kilichobaki baada ya kukata. Ule ubeti wa tatu hauko popote duniani isipokuwa kwenye hiyo karatasi. Na majina pia, santuri iliandika jina la bendi na labda la mtunzi, lakini yule wa besi, yule wa ngoma, vijana walioitwa siku hiyo wakalipwa wakaenda, hao utawapata kwenye karatasi tu kama mtu aliandika nani alipiga nini na alipewa shilingi ngapi. Alafu kuna suala la nani alitunga. Unajua Malaika, mpaka leo watu wanabishana kama ni ya Fadhili William au ya Adam Salim. Karatasi moja ya mkono yenye tarehe hunyamazisha ubishi ambao watu wangerithishana miaka na miaka.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza, na ndilo nililo na msimamo nalo kuliko yote: msitenganishe. Msitoe zile nzuri, msipange kwa lugha, msipange kwa bendi, msitoe risiti zilizoko katikati ya madaftari ati kwa sababu si muziki. Mimi mwenyewe miaka ya nyuma nilipewa sanduku la mwalimu wa kwaya, nikapanga karatasi zote kwa lugha siku hiyo hiyo nikiona nafanya kazi safi, na baada ya mwezi ndio nikagundua zilikuwa zimewekwa kwa mpangilio wa matamasha, kila bahasha tamasha moja, na barua ya mwaka ilikuwa ndani ya kila bahasha. Sikuweza kuzirudisha tena vile zilikuwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Karatasi isiyo na tarehe hupata tarehe yake kutoka kwa jirani yake. Piga picha sanduku likiwa wazi hivo hivo, kila tabaka unapotoa, uandike namba kwa penseli laini kona ya nyuma, daftari la 1, la 2, la 3, kwa mpangilio ule ule mliokuta. Milano huko Italia kuna kampuni ya Ricordi iliyoanzishwa 1808, walichapisha nota za watunzi wa opera kina Verdi na Puccini, na wakatunza miswada pamoja na barua na vitabu vya hesabu vya ofisi, ndio maana leo wasomi wanaweza kujua ni wapi mtunzi alibadilisha mawazo na ni kwa sababu gani. Babako hakuwa na jumba la Milano lakini alifanya jambo lile lile, aliweka kila kitu pamoja.

Haya, katoni iliyolowa, hiyo ndio ya haraka. Itoe kwa stoo leo, uiweke mbali na sanduku zuri, manake ukungu husafiri kwa hewa. Yale madoa ya kijani ni kuvu hai au iliyolala, na kuvu haihitaji maji ya kumwagika, unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi siku kadhaa inaamka na kuanza kula karatasi na gundi ya jalada. Ukiikausha inalala. Haifi kabisa, inalala tu, ndio maana kukausha si kazi ya mara moja bali ni kuhakikisha haitalowa tena. Weka madaftari kwa chumba chenye hewa inayopita, feni iwe inapuliza chumbani lakini isielekezwe kwenye karatasi zenyewe, yakae wima kidogo yakiwa yamefunguka yenyewe bila kulazimishwa, na katikati ya kurasa zinazofunguka weka karatasi nyeupe safi ya fotokopi, ukibadilisha ikinyonya unyevu. Usitumie gazeti, wino wake unahama na karatasi yake ni mbaya kuliko yenu.

Na tafadhali usianike juani. Najua ndio kitu cha kwanza mtu wa kwetu hufikiria, nguo ikilowa si unaanika, lakini jua la Nairobi ni kali, linakunja karatasi kwa kasi, linafifisha wino wa biro ambao tayari si imara kwa mwanga, na linaongeza kasi ya kuzeeka kwa karatasi yote. Kivuli na upepo vinatosha. Zikishakauka kabisa ndio unatoka nje, unavaa barakoa ile nzito ya N95 na glavu za mpira, na unapangusa ukungu kwa brashi laini ya rangi ukielekeza vumbi mbali na uso. Hakuna kitambaa chenye maji, hakuna Jik. Kama kuna mtu nyumbani mwenye pumu asiwe karibu kabisa.

Kurasa zilizoshikana msizibandue kwa kisu wala kwa mvuke wa birika. Wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza mara nyingi huyeyuka kwa maji na ukishahama haurudi, penseli ndio inavumilia zaidi. Hizo zifunge kama zilivyo uzipeleke kwa fundi wa kuhifadhi karatasi, nitasema wapi. Na kwa siku zijazo ujue hili: madaftari yakilowa tena na huwezi kuyashughulikia ndani ya siku mbili, yafunge kwa nailoni safi uyatie friza. Barafu inasimamisha ukungu na kuhama kwa wino, na inakupa muda wa kutafuta msaada. Friza hiyo hiyo inaua wadudu, wale vijidudu vya kijivu vinavyong'aa na mayai ya mende, wiki mbili kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, ndani ya nailoni iliyofungwa vizuri, alafu ukitoa usifungue mpaka kesho yake ili maji ya baridi yabaki nje ya nailoni. Hii inafaa zaidi ya dawa ya kupuliza au nafthalini, ambazo zinaingia kwenye karatasi na kwenye mapafu yako.

Huenda unajiuliza pia kwa nini hata zile kavu zimekuwa za manjano na zinavunjika kona. Si uchafu. Karatasi za madaftari za zamani zilitengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini, ile inayoshikilia mti usimame, na ili wino usisambae viwanda viliweka utomvu wa msonobari pamoja na shabu. Shabu ikikutana na unyevu inatoa asidi, asidi inakata nyuzi za karatasi polepole kutoka ndani, na joto na mwanga vinaisukuma iende mbio. Kwa hivyo mnachoweza kufanya ni kupunguza kasi, na hapo Nairobi imewabariki kidogo, tuko juu karibu mita 1,700 na hali ya hewa ni ya baridi kiasi ukilinganisha na Mombasa au Kisumu. Chumba cha ndani kisicho na ukuta unaotoa maji, kabati isiyogusa sakafu, giza, inatosha kuongeza miaka mingi. Stoo ya mabati hapana, mchana inachemka na usiku inatoa jasho.

Laminesheni sasa. Namwelewa binamu, inaonekana imara na safi. Lakini ile ni plastiki inayobandikwa kwa joto na gundi, joto linazeesha karatasi hapo hapo, asidi inafungiwa ndani ikiendelea na kazi yake, na hakuna fundi atakayeitoa bila kuipasua. Nimeletewa ukurasa wa nota uliopigwa laminesheni, penseli ilikuwa imepauka chini ya mng'aro na katikati kulikuwa na mapovu, familia ilitaka niutoe na ilibidi niwaambie haiwezekani. Seloteipu vile vile, inageuka kahawia na gundi inapenya. Pini za stepla na klipu zenye kutu zitoeni taratibu, zinyanyueni miguu kwa kisu butu msizivute, na raba bendi zikatwe. Alafu glavu nyeupe za pamba ambazo watu huona kwenye sinema, hazihitajiki kwa karatasi safi, zinakunyima hisia kwenye vidole na ndio unararua. Osha mikono, kausha vizuri, usipake losheni. Faili za plastiki laini zenye harufu kali epuka pia, wino wa biro hubanduka ukabaki kwenye plastiki. Karatasi nyingi za fotokopi za siku hizi hazina asidi, kwa hivyo kunja A4 mbili ziwe jalada la kila daftari na mtakuwa mmefanya vizuri kuliko ofisi nyingi nilizoingia.

Kuskani fanyeni, tena mapema, lakini si badala ya karatasi. Simu inaweza kutumika kama ina kamera nzuri, iwe juu ya stendi, taa mbili kwa pembeni, ukurasa umelala bila kukandamizwa mgongo. Ila zile programu za skani zinazofanya ukurasa uwe mweupe pe msiziguse, zinafuta penseli hafifu na zinageuza wino mwekundu kuwa mweusi, na hapo ndipo historia yenu imejificha. Rangi kamili, kurasa zote hata tupu, hata majalada, na rula ndogo ionekane kando. Mkipata skana nzuri tumieni nukta 400 kwa inchi, mhifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, ukurasa wa A4 utakuwa kama megabaiti 46, kwa hivyo kurasa 3,000 ni kama gigabaiti 140, diski moja ya kawaida inazibeba zote na nafasi inabaki. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Jina la faili lifuate namba ya daftari na ukurasa, D03_017, msiandike majina marefu ya nyimbo. JPEG ndogo ndio za kutumiana kwa simu.

Zile d r m ni tonik solfa, zilikuja na kwaya za misheni na shule, na kwa mtu aliyeimba kwaya zinasomeka kama barua. Juu utaona Doh ni G au Doh ni F, hiyo inakuambia d iimbwe kwa sauti gani. Nukta mbili zilizosimama hutenganisha mapigo, kistari kinasema shikilia, alama ndogo juu au chini ya herufi inasema panda au shuka oktava. Usisafishe alama ukizinakili, hata nukta inayoonekana kama doa la wino inaweza kuwa pigo. Mwanakwaya mzee kanisani kwenu akiimba kutoka kwenye picha na wewe unarekodi, utasikia wimbo ambao huenda haukuwahi kufika studio.

Tuje kwa haki, na hapa nitakuwa mkweli hata kama si unachotaka kusikia. Karatasi ni mali ya familia. Wimbo ulioko kwenye karatasi ni kitu kingine. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi wa maneno na muziki haki maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa, na haki hiyo haihami kwa lebo kwa mdomo, lazima kuwe na maandishi yaliyosainiwa. Rekodi yenyewe, ule mkanda babako aliolipia, ina haki yake tofauti, miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Kwa hesabu hiyo rekodi ya 1972 ilimaliza muda mwisho wa 2022, lakini kama mtunzi wake alifariki 1995 wimbo uko chini ya haki ya warithi wake mpaka mwisho wa 2045. Sasa unaona zile risiti za katikati ya madaftari ni muhimu vipi. Risiti inayosema nimepokea shilingi kadhaa kwa kurekodi si lazima iwe mkataba wa kuuza wimbo, na tofauti hiyo aisome wakili wa hakimiliki, hasa kwa kazi za kabla ya 2001 manake kulikuwa na sheria ya 1966.

Kwa hivyo kitabu na kurudisha nyimbo sokoni inawezekana kabisa, lakini mtafute watunzi au watoto wao kwanza, mkubaliane kwa maandishi nani anapata nini, kila jina litajwe. Msiende kusajili nyimbo KECOBO, ile bodi ya hakimiliki ya Kenya, kwa jina la familia kwa sababu mnazo karatasi, hiyo ni kuwanyang'anya watu, na ikija kufunguliwa kesi karatasi zenu wenyewe ndizo zitakazowashtaki. Nendeni KECOBO kuuliza, waambieni pia wawaeleze ni mashirika gani ya mirabaha yana leseni kwa sasa. Nyimbo chache zenye familia zilizopatikana ni mwanzo bora kuliko albamu nzima ya wasiwasi.

Kakako simlaumu, labda kuna deni la mazishi au ada za watoto, na kuuza si dhambi. Ila mnunuzi anayetaka nzuri peke yake atabeba kurasa kumi na kuua maana ya zile zote zinazobaki. Kama lazima muuze, uzeni mkusanyiko wote kwa taasisi, mkishaskani kila kitu, mkataba useme nakala inabaki Nairobi na haki za watunzi haziuzwi, na kabla karatasi haijavuka mpaka muulize Archives, yaani Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, kuhusu vibali. Kubaki nazo nyumbani ni sawa kama kuna mmoja wenu atakayezisimamia kweli, lakini nyumba huhama na watu hugombana. Mimi ningezipeleka Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, ile ya Moi Avenue, wanapokea pia karatasi za watu binafsi, na hapo ndipo mngeulizia kuhusu zile kurasa zilizoshikana. Ubaya wake ni kwamba mtu wa familia akitaka kuziona itabidi afuate utaratibu wao, na foleni ya kazi inaweza kuwa ndefu, kwa hivyo mkataba wa kuweka useme wazi nani anaruhusiwa kunakili. Kina Ketebul Music nao wamefanya kazi kubwa ya kurudisha historia ya benga na muziki wa zamani wa hapa, waandikieni, hata kama ni kwa ushauri tu.

Usisubiri kuandika barua kama ukungu umepita robo ya katoni, au umeshaanza kukohoa ukizishika, au wino umeanza kusambaa, hapo beba katoni uende Hifadhi ya Kitaifa ukaonane na mtu wao wa karatasi.

Na yule mzee wa Kariobangi mwende wiki hii, kabla ya kununua skana, kabla ya kikao cha familia. Daftari lenyewe libaki nyumbani. Chapisha ile picha kubwa kwa rangi, herufi zionekane, umpelekee na simu ikiwa inarekodi. Muulize nani alikuwa na kalamu nyekundu. Muulize ile Tk 2 iliharibikia wapi. Alafu mpe ule ubeti wa tatu uliokatwa, umwachie nafasi, uone kama bado anaukumbuka kuuimba.